Bwana Nusu Apiga Hodi

Binti yangu ni fundi cherehani, na fundi cherehani haamini kitu asichokipima. Ndiyo maana yule mwanamume aliyependana na mjukuu wangu, binti yangu alimpa jina la Bwana Nusu. Alimjua kwa kioo cha kompyuta tu, kuanzia kifuani kwenda juu. Kila mjukuu wangu alipofunga mlango wa chumba cha nyuma ili azungumze naye, mama yake aliniuliza huku mguu uko juu ya cherehani, "Mama, wewe ungemshonea suruali mtu ambaye hujaiona miguu yake?"

Nilikuwa nikicheka. Asubuhi ile sikucheka.

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku, maana alianza kusema kabla hajaanza kutembea, na hajanyamaza tangu hapo. Ni mtafiti. Anachunguza fukusi, wale wadudu wanaotoboa nafaka ghalani. Sasa Chiriku huyo alikuwa mezani, begi liko miguuni, chai imepoa mbele yake, na hasemi neno. Mama yake naye alikuwa amesimama mlangoni kama anayeuzuia usifunguke.

Niwarudishe nyuma kidogo. Wawili hawa walikutana katika kongamano la mtandaoni, kila mtu yuko mji wake. Mwenyekiti aliwagawa wasikilizaji katika vikundi vidogo wajadiliane, na katika kikundi chao watu wakaaga mmoja mmoja mpaka wakabaki wao tu. Kila mmoja akaona haya kumwacha mwenzake peke yake. Wakazungumza habari za fukusi mpaka mtambo ukawatoa. Mapenzi yana milango mingi. Yao yaliingia kwa adabu ya watu wawili ambao hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuaga.

Tangu hapo makongamano yote waliyahudhuria hivyohivyo. Chiriku juu anavaa blauzi ya heshima, chini nguo ya kulalia. Aliusifu sana utaratibu ule. Alisema nauli haihitajiki, na hata mtafiti asiye na mfadhili anasikika. Lakini siku nyingine alitoka chumbani uso umemshuka, akaja kukaa miguuni pangu. "Bibi," aliniambia siku moja, "maneno yenyewe yanasemwa kwenye foleni ya chai. Sisi wa kwenye skrini, chai ikifika tunazimwa."

Mwaka huu kongamano likaangukia mji wa yule mwanamume. Walikuwa wameandika mada pamoja, namna ya kuhifadhi nafaka bila sumu, na yeye ndiye angeiwasilisha, amesimama ukumbini. Akamsihi Chiriku aende. Mama yake akakataa. Alisema mwanamume akimtaka binti wa watu huja sebuleni kwao akaonekana, na binti hafuati. Chiriku akamjibu mwenzake kwamba angesikiliza kwa mtandao, kama kawaida. Yule mwanamume akaandika neno moja, sawa. Baada ya hapo ujumbe wake ukawa wa fukusi peke yao.

Hilo lingetosha kumnyima mtu usingizi. Lakini lilikuwepo kubwa zaidi.

Siku moja binti yangu aliingia kile chumba cha nyuma kupima dirisha, na mazungumzo ya kompyuta yalikuwa yakiendelea. Upande wa pili, nje ya kioo, ikasikika sauti ya mwanamke. "Mume wangu, umerudi?" Yule mwanamume akageuka ghafla, akazima sauti, akazima na picha. Aliporudi aliomba radhi kwa usumbufu, akaendelea na takwimu zake. Chiriku hakuuliza. Mama yake alitoka na futi shingoni, akaniambia, "Nusu ya pili nimeipata. Ina mke."

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye chai ile iliyopoa.

"Ulisema hutakwenda," mama yake alisema.

"Nimemwandikia katibu wa kongamano, amenibadilishia. Nitakaa ukumbini."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Nimemwomba katibu asimwambie."

"Kwa hiyo unamfuata mume wa mtu."

Chiriku akainua macho. Yalikuwa mekundu, lakini makavu. "Simfuati mume, Mama. Nafuata jibu. Kwenye skrini mtu anachagua ukuta wa kukaa mbele yake. Nataka kumwona mahali ambapo hajapachagua."

"Na jibu likiwa baya?"

"Nitarudi nalo. Punje iliyoliwa na fukusi, nje huwa nzima kabisa, Mama, ukiiminya ndani ni unga. Ndivyo nilivyo. Afadhali niminywe nijue."

 Mama yake alimsogelea, akainama, akaushika upindo wa gauni lake, akakata kwa meno uzi uliokuwa ukining'inia. Kisha akarudi kwenye cherehani yake bila kuaga. Chiriku aliona ukali. Mimi niliona kwamba alimtengeneza mwanawe asije akatoka na kasoro mbele za watu.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mada. Tangu alfajiri nyumba yetu ilikuwa kama imebana pumzi. Binti yangu alishona mshono, akaufumua, akaushona tena. Mimi nilichambua mboga mpaka zikabaki vijiti. Ujumbe wa Chiriku ulikuja mara moja tu. Alikuwa amefika, amelala nyumba ya wageni, anaingia ukumbini. Hajamwona bado. Anazima simu, maana humo ndani simu hazitakiwi.

"Atakuwa amemkuta na mkewe," binti yangu alisema, na sindano ikamchoma.

Nilimwambia mkosi hauitwi, unakuja wenyewe. Ndipo tukasikia hodi.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamume mrefu, mwembamba, ana begi mgongoni na mshono wa koti umeachia begani. Uso niliufahamu, ila sikuamini. Mungu anisamehe, nilianza kwa kutazama chini. Viatu vilikuwa na vumbi la safari ya usiku kucha.

"Shikamoo, Bibi," alisema. "Naomba radhi kuja bila taarifa."

Nikageuka nikamwambia binti yangu aliyeko ndani, "Miguu ipo."

Alikuja na futi yake shingoni, akamtazama kutoka juu hadi chini kama kitambaa kilichorudishwa dukani. Hakumkaribisha. Mimi ndiye niliyempa kiti, na hata hapo alikaa ukingoni, begi mapajani, macho yakizunguka kumtafuta mtu. Akaeleza taratibu kwamba alisikia kwa Chiriku neno la mama, kuwa mwanamume huja sebuleni akaonekana. Ilimchukua muda kupata njia. Mwishowe alimwandikia katibu wa kongamano abadilishiwe, mada aitoe kwa mtandao badala ya kusimama ukumbini, ili aje aitolee hapa, karibu na mwenzake aliyeiandika naye. Alimwomba katibu asimwambie.

Nilimfikiria yule katibu maskini, ameshika siri mbili zinazogongana, na zote mbili amezitunza kwa uaminifu.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Mwanangu," nikamwambia, "amekufuata kwenu."

Alisimama. Akakaa. Akatoa simu akapiga, nasi sote tukaisikia ile sauti ya mashine ikisema mteja hapatikani. Akapiga tena, majibu yaleyale.  Alisema mada yake inaanza muda si mrefu, na Chiriku ataingia pale amtafute, amkose, na atafikiri amemkimbia. Alilisema mara mbili, kama mtu anayetafuta wa kumbishia.

Hakuna aliyembishia. Binti yangu alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Kabla hujafungua kompyuta kwenye nyumba hii," alisema, "niambie nani anakuita 'mume wangu'."

Nilidhani atashtuka. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyebeba mzigo mbali na sasa ameambiwa autue.

"Mama yangu," alisema.

Binti yangu akangoja.

"Ana maradhi ya kusahau. Mimi nimefanana na marehemu baba, na siku hizi akiniona anamwona yeye. Mwanzoni nilimsahihisha. Nilimwambia, mama, baba alishafariki, mimi ni mwanao. Alilia kama msiba umeingia siku hiyo. Kesho yake amesahau, ananiuliza tena, namwambia tena, analia tena. Nikaona namfisha baba yangu kila siku. Nikaacha. Sasa akiniuliza, umerudi, mume wangu, namjibu nimerudi."

 Nje, karakana ya jirani anayechomelea vyuma ilikuwa ikinguruma, nami nilishukuru ile kelele, maana ilinifichia pumzi.

Binti yangu alimuuliza kwa nini hakumweleza Chiriku, msichana ambaye kila siku alikuwa akizungumza naye. Akasema alijaribu mara nyingi. Lakini kwenye ile mitambo, mtu akizungumza anajiona mwenyewe kwenye kona ya kioo. Kila alipofungua kinywa alikuta uso wa baba yake unamtazama pale pembeni, na maneno yakarudi tumboni. "Si jambo la kusema huku unajiona," alisema. "Nilitaka kulisema nikimwona yeye peke yake. Kwa hiyo dada yangu amekuja kukaa na mama. Ni mara ya kwanza kulala nje ya nyumba ile tangu mama augue."

Hapo nikaelewa makongamano yote aliyoyahudhuria akiwa kwao. Mjukuu wangu alikuwa na fukusi wake, na mwenzake naye alikuwa na wake.

Binti yangu alisimama. "Vua koti," alisema.

"Mama?"

"Bega limefumuka. Utasimamaje mbele za wasomi na bega limefumuka? Vua."

Aliushona mshono ule palepale, kwa mkono, haraka, uzi ukimpita kati ya vidole kama unajua njia wenyewe. Alipomaliza alipiga koti pasi, akatoka nje. Nilimwona kwa dirisha akivuka barabara na futi shingoni, akaenda kumsemesha yule jirani wa kuchomelea vyuma. Sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba jirani huyo hajawahi kumzimia mtu mashine yake, na siku ile aliizima, akakaa kwenye ndoo yake akiwasha sigara na kutazama nyumba yetu kama anasubiri habari.

Tulimweka kwenye meza ya Chiriku chumba cha nyuma, pazia la maua ya njano likiwa nyuma yake. Binti yangu na mimi tukakaa kitandani, pembeni, mahali kamera isipofika. Siku hiyo sisi ndio tulikuwa watu wa nje ya kioo.

Ukumbi ulionekana mdogo kama sanduku la viatu, na watu wake kama punje. Nilimtafuta mjukuu wangu, macho yangu yakashindwa. Mwenyekiti, mzee mwenye sauti ya upole, akatangaza kwamba mtoa mada ameomba kuwasilisha kwa mtandao. Nikasikia kiti kikiburuzwa mahali fulani kule ndani. Moyo wangu ukaniambia ni yeye.

Yule mwanamume alisema vizuri. Aliyaeleza mapipa yasiyopitisha hewa na namna fukusi wanavyokosa pumzi humo, na kila alipofika kwenye kazi ya Chiriku alisema, hii ni ya mwenzangu, sifa zake msinipe mimi. Juu ya meza alikuwa mtaalamu kamili, sauti imetulia na koti limenyooka. Chini ya meza magoti yake yalikuwa yakigongana. Alijitahidi kuyashika kwa mkono mmoja huku mwingine ukibonyeza picha, na hayakukubali. Ukumbi mzima haukuyaona. Binti yangu aliyaona. Aliyatazama magoti yale kwa muda mrefu, kisha akautazama uso, kisha magoti tena. Mimi namjua mwanangu. Nadhani yale magoti ndiyo yaliyomshinda.

Mada ikaisha. Mwenyekiti akaomba maswali. Mtu akauliza habari ya unyevu, mwingine gharama ya pipa. Kisha ikaja sauti ambayo ningeitambua hata ndani ya dhoruba.

"Swali langu si la fukusi," alisema Chiriku. Sauti ilikuwa nyembamba, imevutwa mpaka karibu kukatika. "Hilo pazia nyuma ya mtoa mada ni la chumbani kwangu. Naomba atuambie yuko wapi."

Ukumbi ulicheka. Yeye hakucheka, na huku chumbani hakuna aliyecheka.

"Niko ulikotoka," alijibu.

"Nilikuja kukuona."

"Nami nilikuja kuonekana."

Nikasikia watu wakigeuka kwenye viti. Mungu ampe maisha marefu yule mwenyekiti. Hakuuliza lolote. Alisema tu kwamba chai iko tayari nje, na kwamba kila mtu aende kunywa, ila mtambo usizimwe. Tukawaona punje zile zikiinuka na kutoka, zikitoka, mpaka ikabaki moja katikati ya viti vitupu, imeshika kipaza sauti kwa mikono miwili. Wengine wanakunywa chai, na kwa mara ya kwanza hao wawili hawakuzimwa.

Nilitaka tutoke na sisi. Binti yangu alinishika mkono tukae.

Yule kijana alimwambia Chiriku yote. Nilimwona akinyoosha kidole na kufunika ile kona ya kioo yenye uso wake mwenyewe, akaendelea kusema hivyo, kidole kiko pale.  Chiriku alisikiliza bila kumkatiza hata mara moja, na hilo mimi sijaliona tangu azaliwe.

Alipomaliza, hakungoja jibu la Chiriku.  Yule kijana alianza kuomba radhi, akasema ataelewa, mzigo wa nyumba yake si mdogo, na mtu ana haki ya kuuona halafu akaukataa. Mara tatu alisema ataelewa, na kila mara ilionekana wazi zaidi kwamba hangeweza.

Ndipo binti yangu alipoinuka kitandani, akaingia kwenye kioo na futi yake.

"Chiriku."

"Naam, Mama."

"Uko mji wa watu, hujamsalimia mkubwa yeyote. Ndivyo nilivyokulea? Kabla hujapanda gari, pita ukamsalimie mama mkwe wako."

Yule kijana akageuka akamtazama kama hakusikia sawasawa. Binti yangu tayari alikuwa anakunja futi.

"Mama," Chiriku alisema polepole, "hatanijua."

"Wewe utamjua. Nenda."

Basi tukangoja. Hofu ya asubuhi ilikuwa ya kutojua. Hii ya mchana ilikuwa ya kujua, na ilikuwa nzito zaidi. Yule kijana alituambia wazi kwamba mama yake huwa hapendi wageni, kwamba wiki nzima dada mtu amekuwa akifukuzwa chumbani, kwamba akichafuka hutupa chochote kilicho karibu. Alipiga simu kwa dada yake, haikupokelewa. Alitoka uani, akarudi, akatoka. Binti yangu alimpa mkasi akate nyuzi za mashati yaliyokamilika, ili mikono ipate shughuli, akakata mpaka akakata na kifungo kizima. Binti yangu alikiokota akakishona tena bila kumwambia kitu. Kule nje jirani alikuwa bado hajawasha mashine yake.

Jua lilikuwa limeanza kulegea simu ilipolia. Yangu, si yao. Niliiweka katikati ya meza, sauti juu, tukainama wote watatu kama watu wanaoota moto.

"Bibi," Chiriku alisema kwa sauti ya chini. "Niko kwao."

"Umepokewaje?"

"Wifi amenifungulia. Mama alikuwa kwenye kochi anatazama mlango. Amenitazama sana, Bibi, mpaka nikataka kugeuza. Halafu ameniuliza kama nimekuja kumchukua mume wake."

Kijana alifunika uso kwa viganja. Binti yangu aliweka mkono wake juu ya lile bega alilolishona.

"Ukamjibu nini?" aliuliza.

Tulisikia Chiriku akivuta pumzi.

"Nimemwambia hapana, mama. Nimekuja tumngoje wote wawili."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Amesogea tu kwenye kochi, akaniachia nafasi."